Zamu Yako Jikoni: Mwongozo wa Kuitunza Idi ya Utotoni

Kila mwaka, Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, huzuka watu wazima wa aina moja. Wako Lindi mjini, wako Kilwa Masoko, wako Kivinje, na Mbagala ndio wamejaa tele. Neno lao ni moja: Idi za siku hizi hazina ladha. Wanakumbuka visheti vilivyogandiwa na sukari, bembea iliyofungwa mwembeni, shati jipya lenye harufu ya duka, na sahani zilizofunikwa kawa zikipita mlango hadi mlango. Wanakumbuka vizuri sana, kwa majonzi ya kweli, na wanakumbuka wakiwa wamekaa. Kwenye kukaa huko ndiko uliko ugonjwa, na mwongozo huu umeandikwa kuwainua.

Kabla ya hatua yoyote, tukubaliane jambo moja. Idi ya utotoni haikuja yenyewe. Ilikuwa kazi ya mtu. Mtu huyo aliloweka mchele wa vitumbua tangu jana yake, akakuna nazi mpaka mkono ukafa ganzi, akaficha bati la kashata juu ya kabati, akashinda mlangoni kwa fundi cherehani ili kanzu yako iwahi. Wewe ulikuwa upande wa kupokea. Siku hizi umevuka, una ndevu au una watoto wanaokwenda shule, na bado mkono umeukinga. Ukiutia mkono huo kwenye unga, nusu ya malalamiko yamekwisha. Nusu iliyobaki tutaimaliza kwa hatua saba.

Hatua ya kwanza: jua Idi yako ilikuwa ya majira gani

Wenzetu wa Ulaya wana sikukuu iliyofungwa kwenye baridi. Krismasi yao ni Desemba, theluji ni Desemba, biskuti za mdalasini ni Desemba, na mtu akikumbuka kimoja vinamjia vyote. Yetu inatembea. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354, kwa hiyo Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, ikazunguka majira yote kwa muda wa miaka 32 au 33. Idi ya Mfunguo Mosi iliyoangukia katikati ya Julai 1983 iliangukia tena hapo mwaka 2015, na kwa hesabu itarudi hapo Julai 2048.

Basi chukua kalamu upige hesabu zako. Kama kumbukumbu yako ni ya kuvalishwa sweta juu ya nguo mpya, kusi inavuma na watoto wanaota moto alfajiri kabla ya kwenda kuswali, wewe ni mtoto wa Idi ya kipupwe. Kipupwe cha pwani ya Lindi, Juni hadi Agosti, hakina theluji lakini kina neema zake. Ndio wakati ufuta unapotoka mashambani na kwenda mnadani. Ndio wakati hewa inapokuwa kavu, sukari ya visheti ikashika vizuri bila kutoa maji. Kama kumbukumbu yako ni ya jua la kaskazi, maembe na korosho mpya, wewe ni mtoto wa Desemba. Mwaka 2000 Idi ilikuwa Desemba, na inatarajiwa huko tena 2033. Kila majira yana tamutamu zake. Mtu anayetafuta ladha ya korosho mpya kwenye Idi ya masika anajitafutia huzuni bure. Apike cha majira yaliyopo, na zamu ya korosho itafika.

Mwaka 1983 tuutazame kwa karibu zaidi, maana una somo. Ulikuwa mwaka wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Sukari, sabuni, unga wa ngano na mafuta vilikuwa vitu vya foleni nchi nzima. Idi ikafika hivyo hivyo, kwenye baridi ya Julai, na watoto wakala vitu vitamu. Muulize aliyekuwa mtoto mwaka ule: atakusimulia bembea kabla hajakusimulia foleni. Foleni walipanga wakubwa, na hawakuwaambia watoto sukari ile ilipatikanaje. Anayesema leo kwamba maisha ni magumu mno kwa visheti, aanze kwanza kuwaomba radhi watu hao.

Hatua ya pili: chagua kitu kimoja na ukishike

Mtu mzima anayerudi jikoni kwa pupa hutaka kupika visheti, vitumbua, kaimati, tambi za sukari, mkate wa kumimina na kashata za aina tatu usiku mmoja. Ikifika saa nane ya usiku ameunguza mbili, amesahau hamira kwenye ya tatu, na ameapa kwamba mwakani atanunua biskuti. Pupa hiyo ni marufuku. Hata zamani nyumba moja haikupika vyote. Hii ilijulikana kwa mkate wa kumimina, ile kwa kaimati, na sahani ndizo zilizovikutanisha. Chagua kimoja, ukirudie kila mwaka, mpaka mtaa ukuite kwa jina lake.

Kwa anayeanza, napendekeza kashata za ufuta, kwa sababu ufuta ni wetu. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Nunua kilo moja. Pepeta kwa ungo, kisha chagua mchanga bila haraka, maana chembe moja ya mchanga itakumbukwa kuliko kashata zote. Osha, anika, kaanga kwenye karai kavu kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka punje zianze kurukaruka na harufu ifike kwa jirani. Jirani akiuliza unapika nini, mwambie ukweli, umeshapata msaidizi.

Weka ufuta pembeni. Yeyusha sukari peke yake, bila maji, mpaka igeuke rangi ya asali. Ikipita hapo inakuwa chungu, na ikiwa chungu itupe uanze upya, usimpe mtu. Mwaga ufuta, tia hiliki iliyotwangwa, changanya upesi, mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta na usawazishe kwa kifimbo cha kusukumia chapati. Kata zikiwa bado za moto. Ukingoja zipoe utahitaji nyundo, na watoto wataanza kugombania vumbi.

Hatua ya tatu: vyombo vishuke ukutani

Kuna sebule za watu wazima zilizopambwa kwa mbuzi ya kukunia nazi, ungo na kinu kidogo, wageni wanapiga navyo picha, na jikoni limesimama kopo la tui. Mwongozo huu unaamuru mbuzi ishushwe leo. Ifute vumbi, inoe meno, ikalie.

Kuna nazi kuanzia ukingoni ukielekea kati, ukizungusha kifuu taratibu, na ukome ukiona wekundu wa ngozi ya ndani, la sivyo tui litakuwa na rangi ya vumbi. Maji ya uvuguvugu kidogo, kamua, chuja: hilo ni tui la kwanza, zito, la kumalizia. Ongeza maji, kamua tena: hilo la pili ni la kupikia. Machicha wape kuku. Kazi yote haizidi muda ambao mtu hutumia kuandika kwenye simu kwamba anaukumbuka wali wa nazi wa nyumbani kwao.

Aliye Birmingham au Toronto ana ruhusa ya kopo. Aliye Kilwa, mnazi umesimama uani kwake, hana.

Hatua ya nne: visheti ni kazi ya watu

Sasa tuingie kwenye chenyewe. Unga wa ngano, samli iliyoyeyushwa, hiliki, chumvi chembe, na tui la kutosha kuushikamanisha. Ukande mpaka uwe laini na uache kushika mikono. Chukua kidonge kidogo, kiweke mgongoni mwa kikwaruzio au kwenye chanuo jipya lisilowahi kuona nywele, kibonyeze kwa kidole gumba na kukivuta kuelekea kwako. Kitajikunja chenyewe na kubaki na mistari mgongoni. Usiidharau mistari hiyo; ndiyo itakayoshika sukari. Kaanga kwa mafuta yasiyo makali mpaka visheti viwe vyekundu na kulia vikigongana.

Shira ina mtihani wake. Chemsha sukari na maji kidogo, kisha chota tone kwa kijiko, lipoe kidogo, lishike kati ya kidole gumba na cha shahada. Tenganisha vidole. Uzi ukivutika bila kukatika, ipua, mwaga visheti na ugeuze bila kupumzika mpaka sukari iwe nyeupe na kila kimoja kijitenge na mwenzake. Ukiacha kugeuza ukajibu simu, utawapelekea majirani jiwe moja kubwa tamu.

Kilo moja ya unga hutoa visheti vingi kuliko uvumilivu wa mtu mmoja, na hapo ndipo penye hekima yake. Kwa kuwa mtu hawezi peke yake, ilibidi watu waitane. Kwa kuwa waliitana, ilibidi wazungumze: nani anachumbiwa, jahazi gani halijarudi, nani ana mgonjwa wa kwenda kumtazama. Mtoto aliyepewa kidonge chake abonyeze alijifunza ndugu zake ni kina nani kabla unga haujaisha. Hebu msikilize mjukuu aliyepiga simu Kivinje kutafuta vipimo:

“Shikamoo bibi. Eti sukari ya visheti niweke kiasi gani?”

“Marahaba mjukuu wangu. Unga wako kiasi gani?”

“Kilo mbili.”

“Na mko wangapi hapo?”

“Niko peke yangu, bibi.”

“Basi punguza unga, au ongeza watu. Sukari tutaongea baadaye.”

Kwa hiyo kanuni ni hii: visheti havikandwi na watu pungufu ya watatu. Simu zote zikusanywe kwenye ungo na zifunikwe. Wanaume na wavulana hawana msamaha; mwenye kidole gumba ametimiza masharti. Na mtoto apewe kidonge chake hata kama anaharibu, maana kisheti kibaya alichokibonyeza mwenyewe ndicho atakachokitafuta kwanza kwenye sahani.

Hatua ya tano: fika ukiwa mwenyeji

Hii inawahusu walio mbali, hasa wa Dar es Salaam. Wazee wetu walikuwa na kisingizio cha haki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Kusini ilingoja kivuko cha mto Rufiji, na masika yakipamba moto mtu alilala njiani. Leo ni lami kutoka Mbagala hadi Nangurukuru, unashuka, unageukia Kivinje au Masoko, na anayeendelea Lindi anaendelea. Lakini usiiamini barabara kupita kiasi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata njia eneo la Somanga, wasafiri walikwama. Anayengoja mwezi utangazwe redioni ndipo akimbilie stendi amejitakia.

Fika siku tatu kabla, na usije mikono mitupu: hiliki, unga, samli, kanga ya bibi. Sababu ya siku tatu ni hii. Anayefika asubuhi ya Idi ni mgeni, na mgeni huandaliwa, hukaa mkekani, huletewa. Atakula vizuri, ataondoka akisema Idi ilikuwa nzuri lakini si kama ya zamani. Anayefika siku tatu kabla anakabidhiwa mwiko. Huyo ndiye atakayeikuta Idi anayoitafuta, kwa sababu atakuwa ameingia mlango uleule walioingilia waliomlea.

Hatua ya sita: sahani itoke

Kwanza pishi, ndipo sahani. Zakatul-fitri, kama kilo mbili na nusu za chakula kwa kila mtu wa nyumbani, imfikie mwenye haja kabla ya swala ya Idi. Haina maana watoto wako waranderande na visheti mbele ya nyumba ambayo jiko lake halijawashwa.

Kisha sahani. Sahani ya sikukuu ni ya udongo au ya bati, imefunikwa kawa, na inapelekwa na mtoto. Mtoto huyo afundishwe: piga hodi, ngoja ujibiwe, amkia, sema, “Mama anakusalimu, anasema leo sikukuu.” Asimame, asikimbie. Maneno hayo machache ni shule, na wengi wetu adabu ya mlangoni kwa mtu tuliipata tukiwa na sahani mkononi.

Usitumie vikopo vya plastiki vya kutupa. Kikopo cha kutupa kinamaliza mazungumzo pale pale mlangoni. Sahani lazima irudi, na kwa desturi yetu hairudi tupu. Itarudi na kaimati, au ndizi, au hata sukari kikombe kimoja, na aliyeirudisha atakaa dakika kumi. Jirani yako Mkristo naye amekuweka kwenye hesabu yake, na sahani yako itarudi Krismasi ikiwa na pilau. Hivyo ndivyo mtaa unavyopata sikukuu nyingi kuliko kalenda.

Hatua ya saba: toa

Tumefika kwenye hatua inayowashinda hata wanaojua kupika. Watoto watakuja asubuhi, wamevaa, wananukia, wakiomba mkono wa Idi. Usiwaambie huna chenji. Chenji hutafutwa mapema: sarafu za 500, noti za 1,000 zilizo safi, zipangwe kwenye bahasha tangu usiku. Kiasi si hoja. Hoja ni kwamba kila mtoto wa mtaa, wa kwako na wa mwenzio, aondoke mlangoni akijua alitarajiwa.

Katika hili sisi wa Kilwa hatuna haki ya kuwa wachoyo, kwa kuwa historia inatutazama. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, na watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Mji wake ulifua sarafu zake wenyewe za shaba, ndogo, zenye maandishi ya vina pande zote mbili. Msafiri huyo anasimulia kwamba siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali papo hapo, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akampa.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Al-Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daudi, na Daudi, asema Ibn Battuta, alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa ameshakufa na hakuacha kitu cha kutoa. Wageni wakangoja mlangoni kwake miezi, wakapata kidogo, mwisho watu wakaacha kuja.

Jibu hilo la Daudi linatolewa hadi leo kwenye sebule zetu, na linatolewa na watu wema. Kila anayesema visheti vilikwenda na bibi yake, kila anayesema sikukuu zilizikwa na wazee, amelirudia. Nawe ukilirudia mara nyingi, watoto wa mtaa wako wataacha kupiga hodi, na utakuwa na ushahidi kamili kwamba Idi za siku hizi hazina ladha.

Na si kweli kwamba aliyekuwa akitoa hakuacha kitu. Aliacha mbuzi, sinia na kawa. Aliacha majirani aliowazoesha sahani. Alikuacha wewe, uliyekula miaka yote hiyo bila kuulizwa bei ya sukari, na hakuna mwingine anayeijua ladha ile ilivyokuwa. Ukikaa, inaishia kwako.

Kwa hiyo ratiba ni hii. Siku ya vunjajungu, mwishoni mwa Shaabani, wote mkiwa kwenye chakula, tangaza mbele ya ndugu zako utapika nini mwaka huu, ili aibu ikuzuie kurudi nyuma. Wiki ya kwanza ya mfungo, fanya jaribio dogo na uwape wa nyumbani wakosoe. Kumi la mwisho, nunua vitu kabla bei hazijapanda, na waite wasaidizi wako kwa majina. Mwezi ukiandama, washa jiko. Na mtoto wa kwanza kupiga hodi asubuhi, mfungulie wewe mwenyewe.